Maumivu ya Mama Anyonyeshaye na Wajibu wa Watu wa Nyumba Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Waislamu wa Buyenzi, Bujumbura, waume kwa wake)

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe vyote, Aliyemwandalia mtoto mchanga riziki yake katika kifua cha mama yake kabla hajajua kuomba. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), aliyenyonyeshwa na Thuwaiba, kisha na Bibi Halima wa kabila la Bani Saad, wala asiusahau wema wa ziwa walilompa, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Waheshimiwa wazee, ndugu waume na ndugu wake: katika mikutano kama huu huzungumzwa khabari za misikiti, na madrasa, na mirathi, na makaburi, na yote hayo ni mambo makubwa. Lakini liko jambo moja lipitalo katika kila nyumba, ambalo wanaume hawalizungumzi kwa kuona haya, na wanawake hawalizungumzi kwa kudhani kuwa ndivyo walivyoandikiwa. Jambo hilo ni maumivu yampatayo mama anapomnyonyesha mtoto wake mchanga. Wengi hulidhania kuwa dogo, nalo si dogo. Kwa ajili yake watoto hukatizwa ziwa kabla ya wakati wao, na mama hupatwa na homa na majipu, na furaha ya nyumba iliyopata mtoto hugeuka kuwa huzuni.

Makusudio ya maneno haya ni kubainisha jambo moja tu: kwamba maumivu ya kunyonyesha hayakuwekwa ili mama ayanyamazie. Yana sababu zake, na nyingi katika sababu hizo zina dawa. Wala wajibu wa kuitafuta dawa hiyo haukuwekwa juu ya mama peke yake, bali umo pia juu ya mume wake, na mavyaa yake, na kila aingiaye chumbani kwake kumpa mkono wa heri.

Yafaa kutangulia na yale yaliyomo katika dini. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, imetajwa miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza. Watu wengi huishia hapo katika kuisoma aya hiyo, nayo haikuishia hapo. Inaendelea kumwekea baba wajibu wa chakula cha mama na mavazi yake kwa wema. Kisha inakataza mama asitiwe katika madhara kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kwa sababu ya mtoto wake. Ni kweli kwamba wafasiri wameieleza aya hiyo khasa kwa khabari ya wazazi walioachana na kugombania mtoto. Lakini ikiwa mume aliyemwacha mke amekatazwa kumdhuru kwa ajili ya ziwa, itakuwaje kwa mume anayelala naye nyumba moja, akisikia anavyougua usiku, naye akageuka upande wa pili?

Na katika Sura Maryam imo ibra kubwa kwa wenye kuzingatia. Bibi Maryamu, pamoja na daraja yake, uchungu wa uzazi ulipomfikia chini ya mtende alilalamika, hata akatamani kuwa angalikwisha kufa kabla ya siku ile. Basi alijibiwa nini? Hakukemewa. Hakuambiwa kwamba wanawake wote wamepita njia hiyo. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake, na tende mbivu juu yake, akaamrishwa kula na kunywa na kutulia. Hayo ndiyo majibu ya Mola kwa mwanamke mwenye maumivu: maneno ya kumpoza, chakula, maji na utulivu. Mwenye kumjibu mama mzazi kwa ukali na awe na khofu, maana amekwenda kinyume na adabu hiyo.

Huenda mtu akasema: "Na subira iko wapi?" Subira ni jambo tukufu, lakini maana yake si kuficha ugonjwa. Nabii Ayubu ni kigezo cha wenye subira, naye alimwomba Mola wake amwondolee dhara iliyompata. Mtume (S.A.W.) naye aliwahimiza watu wajitibu, akawajulisha kwamba ugonjwa umeteremshwa pamoja na dawa yake. Basi mama mwenye kusubiri ni yule asemaye panapomuuma, akatafuta dawa, akaendelea kumlea mtoto wake kwa moyo mwema. Mwenye kunyamaza mpaka ziwa likaoza hakufanya subira, bali amedhulumiwa na wale waliomfundisha kunyamaza.

Na uchukuliwe mfano wa mama mmoja, ambaye wenziwe wamo katika nyumba nyingi. Ana miaka 19, na mtoto ni wa kwanza. Siku ya tatu maziwa yalijaa, matiti yakawa magumu, mtoto akashindwa kulikamata ziwa, akawa anaitafuna ncha ya chuchu. Siku ya tano chuchu zilipasuka. Alimweleza mavyaa yake, akajibiwa kwamba kila mwanamke amepita hapo. Alimweleza mumewe, akaambiwa hayo ni mambo ya kike. Tangu siku hiyo mama yule akaanza kukiogopa kilio cha mtoto wake mwenyewe. Akikisikia mwili humsisimka. Akawa anachelewa kumnyonyesha, akimpa maji ya sukari ili alale. Ziwa lisiponyonywa huzidi kujaa, na mtoto asiyenyonya huzidi kudhoofika. Siku ya kumi ikaja homa yenye kutetemesha, na wiki ya tatu likaiva jipu. Ndipo gari likatafutwa usiku kwa mbio. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyemchukia, wote walimpenda. Kilichokosekana ni mtu mmoja tu wa kumwuliza, na kumtazama, na kumsaidia siku ile ya tatu.

Basi yapasa ijulikane ni yapi maumivu yapitayo yenyewe, na ni yapi yatakayo kushughulikiwa.

Katika maumivu yapitayo ni ule uchungu mdogo wa chuchu katika siku za mwanzo, mtoto anapoanza kuvuta, ambao haukai hata dakika moja kisha hutulia. Na katika hayo ni maumivu ya tumbo la chini wakati wa kunyonyesha, ambayo wakunga wengi huyaita chango. Mtoto anaponyonya, mji wa mimba hujikaza na kurudi mahali pake, na kwa hivyo damu ya uzazi hupungua. Uchungu huo huwa mkubwa zaidi kwa mama mwenye mtoto wa pili na wa tatu kuliko wa kwanza, nao hutulia baada ya siku chache. Mama akijua kwamba uchungu huo ni kazi ya heri inayotendeka ndani yake, huwa mwepesi kwake. Lakini damu ikimtoka kwa wingi, au yenye harufu mbaya, au akipatwa na homa, hilo si chango, na apelekwe hospitali bila kukawia.

Ama maumivu yanayodumu muda wote wa kunyonyesha, au yanayomfanya mama kuuma meno, au yanayoacha chuchu imepasuka na kutoa damu, hayo si ya kawaida hata kama ni mengi. Na mara nyingi sababu yake ni moja: mtoto hakulikamata ziwa vizuri. Ameshika ncha ya chuchu tu, akaibana kwa ufizi na kaakaa.

Njia ya kulitengeneza jambo hilo haihitaji fedha. Mama na aketi mgongo wake umeegemea ukuta au mto, miguu yake imetulia chini. Na ikiwa ana mshono au mgongo unamuuma, na alale ubavu na mtoto alale ubavu kumkabili. Asiinamie mtoto, bali mtoto aletwe kwenye ziwa. Mwili wote wa mtoto umwelekee mama, tumbo kwa tumbo. Sikio lake na bega lake na nyonga yake viwe katika mstari mmoja, ili asinyonye kwa shingo iliyopinda. Pua yake iwe mkabala wa chuchu. Chuchu iguswe juu ya mdomo wake, kisha angojewe mpaka apanue kinywa sana kama apigaye miayo. Hapo asogezwe karibu upesi, kidevu chake kikitangulia kuligusa ziwa. Na akamate chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ule weusi unaoizunguka, khasa wa upande wa chini.

Alama za kukamata vizuri ni hizi: kinywa kimepanuka, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimeligusa ziwa, weusi unaoonekana juu ya kinywa ni mwingi kuliko unaoonekana chini, mtoto anavuta polepole na kwa nguvu, kisha anameza, na mama haumii. Chuchu ikitoka kinywani imebanwa bapa kama ncha ya kalamu iliyochongwa upande, ijulikane kwamba hakukamata vizuri. Akiwa anauma, mama asimvute kwa ghafula, maana hivyo huichana chuchu. Na atie kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa kinywa cha mtoto mpaka aachie, kisha aanze upya. Hata akirudia mara nne au tano, asione taabu. Mtoto naye ni mwanafunzi, wala hakuna mwanafunzi ajuaye siku ya kwanza.

Chuchu iliyokwisha kupasuka hupona huku mtoto akinyonya, maadam ukamataji umetengenezwa. Mama aanze na ziwa lisilouma sana. Akimaliza, akamue matone machache ya maziwa yake mwenyewe, ayapake juu ya chuchu na kuyaacha yakauke kwa hewa. Asizioshe chuchu kwa sabuni kila mara, maana sabuni huondoa mafuta ambayo Mwenyezi Mungu ameyaweka hapo kuzilinda. Wala asipake majani yasiyojulikana, wala majivu, wala dawa za vidonda zilizonunuliwa kwa kubahatisha. Kipakwacho hapo huingia kinywani mwa mtoto. Ikiwa hawezi kabisa kustahimili, na akamue maziwa kwa mikono iliyooshwa, mtoto anyweshwe kwa kikombe safi, siku moja au mbili, kisha arudi kwenye ziwa.

Ama kujaa kwa matiti, hutokea baina ya siku ya pili na ya tano, maziwa yanapokuja kwa wingi. Dawa yake ya kwanza ni mtoto mwenyewe. Na anyonyeshwe kila atakapo, mchana na usiku, nayo huwa mara 8 hadi 12 katika saa 24. Ziwa likiwa gumu hata mtoto hapati pa kushika, mama akamue kidogo tu ili sehemu ya mbele ilainike. Baada ya kunyonyesha, kitambaa kilichotiwa katika maji baridi kikiwekwa juu ya ziwa hupunguza uvimbe na maumivu. Na hapa yafaa watambuzwe mama wakubwa wafanyao kazi njema ya kumkanda mzazi: kumkanda mgongo na miguu ni jambo la raha, lakini ziwa lisikandwe kwa nguvu, wala lisichomwe kwa maji ya moto sana. Elimu ya sasa imebainisha kwamba kuliminya ziwa lililovimba huzidisha uvimbe ndani yake. Ligusiwe kwa mkono mwepesi tu.

Jambo jingine lisababishalo kujaa ni kumpa mtoto vitu vingine. Mtoto aliyeshibishwa maji, au chai, au uji, hana haja ya kunyonya. Basi maziwa hubaki yakaumiza. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aongezwe chakula huku akinyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Na ile dang'a, maziwa ya kwanza yenye rangi ya manjano, isimwagwe kwa kudhaniwa kuwa ni uchafu. Hiyo ndiyo kinga yake ya kwanza. Ama sunna ya kumgusisha mtoto tende katika kaakaa, kidogo chake chatosha, na mkono uwe safi. Asali asilambishwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, kwani yaweza kumletea ugonjwa wa khatari.

Ikitokea sehemu ya ziwa kuwa nyekundu au yenye joto na ugumu, na mama akapatwa na homa na maumivu ya mwili kama mwenye malaria, huo ni ugonjwa wa kuvimba kwa ziwa. Na hapa ndipo watu wengi hukosea. Husema kwamba maziwa yameharibika, mtoto akatolewa. La! Maziwa hayo hayamdhuru mtoto mzima, na kuacha ghafula kunyonyesha ndiko kunakoukaribisha usaha. Mama na aendelee kunyonyesha, apumzike, anywe maji, aweke kitambaa baridi. Homa isipopungua katika muda wa saa 12 hadi 24, au akiwa na hali mbaya tangu mwanzo, aende kwa daktari. Akipewa dawa za kuua vijidudu, azimalize zote, hata kama amejiona amepona siku ya pili. Pakiwa na uvimbe uumao usioondoka, huenda ni jipu. Na jipu la ziwa hutolewa usaha na daktari, wala si kwa wembe wa nyumbani. Na uvimbe wowote wa ziwa, uumao au usiouma, uliokaa wiki kadhaa bila kuondoka, sharti utazamwe.

Pengine chuchu huchoma kama moto hata baada ya mtoto kuachia, na ndani ya kinywa cha mtoto huonekana utando mweupe usiofutika. Yaweza kuwa ni ugonjwa wa kuvu, nao hutibiwa mama na mtoto kwa pamoja, maana akitibiwa mmoja humrudishia mwenziwe. Na mara nyingine ulimi wa mtoto umefungwa kwa utepe mfupi chini yake, asiweze kuutoa nje na kukamata vizuri. Hilo huamuliwa na daktari au mkunga aliyesoma. Ama kumkata mtoto kimeo kwa kudhani kwamba ndicho kimzuiacho kunyonya, hiyo ni desturi ya khatari iliyoenea katika nchi nyingi za upande huu wa Afrika. Imewaletea watoto kutokwa na damu na vidonda vya sumu, wala haiponyi chuchu ya mama.

Mama mwenye maumivu anaruhusiwa dawa ya kuyatuliza. Parasetamoli na ibuprofeni, kwa kipimo cha kawaida, hazimzuii kunyonyesha, isipokuwa kwa yule ambaye daktari amemkataza kwa ugonjwa mwingine. Ama kodeini na aepukane nayo, kwani hupita katika maziwa na yaweza kudhoofisha pumzi za mtoto mchanga. Na aspirini asiinywe bila shauri la daktari.

Yako mambo mawili yawazuiayo watu kwenda hospitali, na yote mawili yastahili kusemwa wazi. La kwanza ni kusema kwamba ziwa limepigwa jicho. Dini haikukanusha jicho, wala haikukataza dua. Na asomewe mama, na mwenye kumsomea atapata thawabu zake. Lakini asomewe huku amekwisha tafutiwa dawa, wala asifungwe hirizi juu ya ziwa linalooza. Dua na dawa zote mbili ni kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na mwenye kuacha moja kwa kisingizio cha nyingine hakumtegemea Mungu, bali amezembea.

La pili ni haya. Haya ni katika imani, lakini wanavyuoni wameruhusu tupu ionekane kwa ajili ya tiba kwa kadiri ya dharura. Atafutwe kwanza daktari au muuguzi mwanamke. Asipopatikana, mwanamume aaminikaye amtazame mbele ya mumewe au maharimu wake, wala kisifunuliwe zaidi ya kinachohitajiwa. Mume anayemzuia mkewe kutibiwa kwa sababu ya wivu na akumbuke kwamba amana aliyopewa si nguo yake tu, bali ni uhai wake. Na katika nchi hii ya Burundi, mwaka 2006 serikali ilitangaza kwamba uzazi, na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5, yawe bila malipo katika hospitali zake. Basi khofu ya gharama isimzuie mtu kumpeleka mtoto adhoofikaye.

Tena kuna mama aliye na virusi vya UKIMWI. Huyu, akinywa dawa zake kila siku bila kukosa na kufuata uongozi wa hospitali, anaweza kunyonyesha. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Lakini chuchu ikipasuka na kutoa damu, au ziwa likivimba, khatari ya kumwambukiza mtoto huzidi. Na aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Na kila ajuaye khabari yake na aifiche, kwani siri ya mgonjwa ni amana.

Mama akishindwa kwa ugonjwa, huenda mwanamke mwingine akamnyonyesha mtoto. Hilo linaruhusiwa katika sharia, lakini lina masharti yake. Mnyonyeshaji awe amepimwa afya yake. Na jambo lenyewe liandikwe na kushuhudiwa. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, manyonyesho matano yaliyo mbali mbali, kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili, humfanya mwanamke huyo kuwa mama wa ziwa, na watoto wake kuwa ndugu wasiooana naye. Wangapi wamekaribia kuoana na ndugu zao wa ziwa kwa sababu jambo lilifanywa usiku na kusahauliwa asubuhi? Ama maziwa ya mkebe, yasinunuliwe kwa haraka siku ya kwanza ya maumivu. Ni ghali; watu huyazimua kwa maji ili yatoshe, mtoto akakosa nguvu; na maji yasiyo safi humletea kuhara. Yatumiwe pale daktari atakaposema kwamba hapana budi.

Sasa neno kwa waume. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika utumishi wa watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Mbora wa viumbe alitumikia nyumba yake; ni nani basi mwingine aonaye kwamba kuteka maji kutampunguzia heshima? Katika siku hizo arobaini, mume na amletee mkewe maji ya kunywa kila anyonyeshapo. Ambebe mtoto amalizapo kunyonya, ili mama apate usingizi. Awashike watoto wakubwa. Wala asikasirike kwa chakula kilichochelewa. Chakula cha mzazi si lazima kiwe cha tajiri: maharage, ndagala, lengalenga, ndizi na matunda vyatosha, maadam vimepatikana vya kutosha na kwa wakati. Na ikifika Ramadhani hali nifasi imekwisha, naye akijikhofia nafsi yake au mtoto wake, sharia imempa rukhsa ya kula na kulipa baadaye. Asilazimishwe kwa maneno ya kuchoma.

Na neno kwa mavyaa na mama wakubwa. Elimu mliyo nayo ni hazina, kwani wengi wenu mmelea watoto saba na wanane. Lakini kusema "sisi nasi tuliumia" si dawa. Mwenye kukumbuka alivyoumia ndiye awezaye kuhurumia zaidi. Ketini karibu na mkaza mwana, mtazame mtoto anavyokamata, mfundisheni kwa upole, wala msimwambie kwamba maziwa yake ni mepesi au machache. Mtoto apataye maziwa ya kutosha hujulikana: baada ya siku ya tano hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito aliopoteza siku za mwanzo huurudisha kabla ya wiki mbili kutimia. Na mama akiwa mwenye kulia kila siku, asiyelala hata mtoto alalapo, na hali hiyo ikapita wiki mbili, huo nao ni ugonjwa utibikao, wala si udhaifu wa imani. Akitamka neno la kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata saa moja, apelekwe kwa daktari.

Mwisho, yafaa mkutano huu usiishe kwa maneno matupu. Kila mtaa na wachaguliwe mama wawili, wenye kujua na wenye ulimi mwema, ili kila mzazi azuruwe siku ya tatu na siku ya saba. Siku ya tatu ndiyo maziwa yajaapo; na siku ya saba ndiyo ya akika, ambayo wanawake hukusanyika kwa furaha, huku mwenye shughuli pengine ameketi ndani akificha machozi yake. Swali lao liwe moja: "Mwenzetu, ukinyonyesha unaumia?" Akisema naam, wafunge mlango, wamtazame, wamsaidie, na wakiona lililo kubwa kuliko elimu yao, wamwite mume aandae safari ya hospitali. Kazi hiyo haitaki jengo, wala mchango, wala barua ya serikali. Yataka wanawake wawili, na nusu saa, na khofu ya Mungu.

Mwenyezi Mungu awape mama zetu afya na malipo mema kwa kila tone walilolitoa, awalinde watoto wetu wachanga, na azijaze nyumba zetu huruma, waume kwa wake, wakubwa kwa wadogo. Amin.